Marekani: mnunuzi wa bastola anachunguzwa, bastola yenyewe haichunguzwi

BARAKA – Video imefika kwenye telefone ya mzee mmoja wa hapa Baraka, fundi wa motere za mashua kandokando ya ziwa Tanganyika. Ndani ya video, kijana wake aliyeko Kentucky anafungua sanduku dogo jeusi la plastiki. Mna bastola mpya ingali na mafuta ya kiwandani, makasha mawili ya risasi, kufuli ya waya na kitabu cha maelezo. Kijana anacheka. Alitoka kambi ya Nyarugusu akiwa mtoto, leo ni mwanaume mwenye kazi na mke na watoto.

Mzee hakuuliza bei. Aliuliza swali moja tu: nani ameipima? Kijana alijibu kwamba ni mpya, hakuna aliyewahi kuigusa. Kwa fundi wa motere, hilo si jibu. Motere ya zamani imekwisha kuonyesha ugonjwa wake. Ile mpya ingali inauficha, na ugonjwa huo unatoka siku mashua iko katikati ya ziwa, imejaa watu na mihogo.

Swali la mzee ni zuri kuliko maswali mengi yanayoulizwa juu ya silaha kule Marekani. Na jibu lake la kweli ni hili: hakuna mkaguzi wa serikali ya shirikisho aliyeipima. Kiwanda kilijipima chenyewe, kikajipa alama, kikafunga sanduku.

Tazama namna bastola inavyonunuliwa kihalali katika duka la kule. Mnunuzi awe ametimiza miaka 21. Anaonyesha kitambulisho. Anajaza karatasi ya serikali inayoitwa Form 4473: je, amewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, anatumia madawa ya kulevya, alipiga mke wake, anatafutwa na polisi, ni raia au ni mgeni, na kama ni mgeni yuko kwa karatasi gani. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Muuzaji anapeleka jina kwenye mfumo wa FBI, na mara nyingi jibu linarudi baada ya dakika chache. Basi, mtu amechunguzwa kuanzia kuzaliwa kwake hadi asubuhi hiyo. Chuma kinachoweza kuua hakikuulizwa swali hata moja.

Si kwamba wabunge walisahau. Walipanga hivyo. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliunda tume ya kulinda wanunuzi, Consumer Product Safety Commission, yenye uwezo wa kulazimisha kitu kibovu kirudishwe kiwandani: kitanda cha mtoto, pasi, jiko, baiskeli, mdoli mwenye macho yanayong'oka. Silaha za moto ziliwekwa nje ya uwezo wa tume hiyo, kwa maandishi. Mwaka 1976 Bunge liliongeza kufuli nyingine, tume isije ikajaribu kuzuia hata risasi. Matokeo yake ni haya: bastola ya kuchezea ikiwa na rangi yenye sumu, au kipande kinachoweza kumkaba mtoto, serikali inaweza kuamuru iondolewe madukani. Bastola ya kweli ikifyatuka yenyewe, tume hiyo haina neno. Kinachobaki ni hiari ya kiwanda.

Hapa Kongo watu wanalalamika juu ya OCC, na wana haki ya kulalamika. Lakini hata mfanyabiashara anayeituhumu OCC kwamba inatafuta pesa tu, anakubali kwamba samaki wa barafu, simenti na mafuta ya kula vinatakiwa kupita mbele ya mkaguzi asiyekuwa muuzaji. Kanuni iko, hata kama utekelezaji unachechemea. Nchi tajiri kuliko zote duniani haina kanuni hiyo ya shirikisho kwa bastola inayouzwa kwa raia wake.

Kwa hiyo kazi ya mkaguzi ameachiwa mnunuzi. Wauzaji na walimu wa kulenga shabaha wanamwambia: ikague mwenyewe kabla ya kuitumia. Shauri hilo si baya, na kwa watoto wa Fizi waliokwisha kuamua kununua, linafaa lifuatwe lote. Tena lifuatwe dukani, mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka, sababu maduka mengi hayapokei tena silaha ikishatoka mlangoni.

Kwanza kasha la risasi linatolewa, chuma cha juu kinavutwa nyuma na kufungwa hapo, chemba inaangaliwa kwa macho kisha inaguswa kwa kidole. Risasi ya kweli isiwe karibu. Bastola mpya nayo inatendewa kama ina risasi. Zingine zilijaribiwa kiwandani, na mtu hajui ni nani aliyeishika mwisho. Halafu bastola inafunguliwa kwa kufuata kitabu chake. Mtutu unatazamwa kutoka upande wa nyuma kwa taa ndogo: je, kuna mafuta yaliyoganda, kipande cha chuma kilichobaki, mistari ya ndani iliyokatwa vibaya? Chuma cha juu kinatafutwa nyufa, hasa kwenye pembe na pale ganda la risasi linapotokea. Ndoano ndogo inayovuta ganda isiwe imevunjika wala kulegea. Springi isiwe imepinda. Midomo ya kasha ikiwa imekunjika upande mmoja, risasi zitakwama, na risasi iliyokwama mikononi mwa mtu asiyezoea ni mwanzo wa ajali. Vidude vya kulengea visiegemee kando.

Bastola ikirudishwa pamoja, inajaribiwa kwa risasi za mazoezi zisizo na baruti. Kizuizi cha usalama, kama kipo, kikiwashwa kifyatulio kisifanye kazi. Kikizimwa, kifyatulio kivutike sawasawa na kirudi chenyewe mahali pake. Kisikwame hata mara moja. Kikikwama mara moja dukani kitakwama tena nyumbani.

Namba ya chuma ilinganishwe na ile iliyo kwenye sanduku na kwenye karatasi, kisha iandikwe kwenye ukurasa wa kiwanda ili kuona kama imo katika orodha ya zinazoitwa kurudi. Wengi wanairuka hatua hii, na hawafai kuiruka. Mwisho wa mwaka 2020 kampuni ya Smith & Wesson iliita bastola zake za M&P9 Shield EZ zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo, kwa sababu nyundo za baadhi yake hazikutengenezwa kwa kipimo na ziliweza kupasuka; kampuni yenyewe ilisema kwamba nyundo iliyopasuka inaweza, mara chache, kufanya bastola ifyatue risasi zaidi ya moja. Aliyetazama namba alijua. Aliyetazama uzuri wa rangi hakujua.

Siku ya kwanza uwanjani, kasha linatiwa risasi moja tu. Ikienda vizuri, mbili. Anayejaza kasha zima mara ya kwanza amejinyima nafasi ya kugundua bastola inayopiga mara mbili kwa mvuto mmoja, na ataigundua risasi ya pili ikiwa imekwisha kuondoka.

Lakini hapa ndipo shauri hilo linapogeuka kuwa mzigo wa kumtwika mtu asiyeweza kuubeba. Kasoro ambayo mnunuzi anaiona kwa macho mara nyingi ni ile inayofanya bastola isifyatuke. Kasoro ya hatari zaidi ni ile inayoifanya ifyatuke bila kuulizwa, na hiyo imejificha ndani: pembe ya kidude kinachoshika msumari wa kupiga, uzito wa kifyatulio, chuma kilichochomwa kwa joto lisilotosha. Baba wa familia atapima joto la chuma kwa kifaa gani? Ataangusha bastola yake sakafuni mara ngapi, kwa pembe ngapi, kabla ya kuiweka kabatini?

Kuna mfano, na unajulikana. Mwezi Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer iliyotokana na ile ya raia inayoitwa P320. Mwezi Agosti mwaka huohuo ikadhihirika hadharani kwamba P320 ya raia, ikianguka kwa pembe fulani upande wa nyuma, inaweza kufyatuka. Polisi ya Dallas ikasimamisha matumizi yake. Kampuni ilijibu kwamba bastola yake ilikuwa imetimiza vipimo vyote vya usalama vya Marekani, na ikajitolea kubadilisha vyuma vya ndani bure kwa kila atakayeomba. Haikuliita tendo hilo kurudisha bidhaa. Ililiita kuboresha kwa hiari.

Maneno ya kampuni juu ya vipimo yasomwe mara mbili, sababu ndiyo aibu yenyewe. Vipimo hivyo vimeandikwa na SAAMI, chama cha viwanda vya silaha na risasi, na kuvifuata ni hiari. Bastola inaangushwa kutoka kimo cha mita 1.2 hivi, kwenye mkeka wa mpira, kwa mikao iliyokubaliwa. Bastola ya mtu ikidondoka kwenye ngazi za nyumba haichagui mkao. Inawezekana kabisa kwamba kampuni ilisema kweli: bastola ilifaulu mtihani, kwa sababu mtihani haukuuliza swali gumu.

Na jeshi je? Jeshi lilikuwa na wapimaji wake. Ripoti ya ofisi ya Pentagon inayosimamia majaribio ya silaha, ya mwaka wa bajeti 2017, inaeleza kwamba toleo la jeshi lilifyatua fataki ya risasi lilipoangushwa katika majaribio, na kampuni ikatia vyuma vyepesi zaidi katika sehemu ya kifyatulio ili kusahihisha. Kumbe kasoro inaonekana, mradi awepo mtu mwenye mamlaka ya kuitafuta na kusema "hapana" kabla ya kupokea. Askari alikuwa na mtu huyo. Mama aliyenunua bastola ileile dukani ili kujilinda hakuwa naye.

Tangu hapo kesi zimefuatana, watu wakidai kwamba P320 zilizokwisha kuboreshwa nazo zilifyatuka ndani ya mifuko yake bila kuvutwa. Kampuni inakana, inasema bastola haifyatuki kifyatulio kisipovutwa. Kesi nyingine zilitupwa. Mwezi Juni 2024 baraza la mahakama ya shirikisho huko Georgia lilimpa mtu mmoja aliyejeruhiwa pajani dola milioni 2.35. Alijeruhiwa mwaka 2018.

Wanaotetea utaratibu wa sasa wanasema hapo hapo: umeona, mahakama ziko wazi, kiwanda kibovu kinalipa. Ndiyo, kinalipa, baada ya miaka zaidi ya 5, baada ya paja kutobolewa, na kwa mtu aliyepata wakili wa kumfaa. Mkimbizi anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, asiyeelewa barua ya bima bila mtoto wake kumsomea, atashindana vipi na mawakili wa kampuni? Na mahakama hailazimiki kuwatafuta wengine wenye bastola ya aina hiyo. Mwaka 2013 naibu sherifu mmoja wa jimbo la Iowa alishitaki kampuni ya Taurus ya Brazili baada ya bastola yake kuanguka akimfukuza mtu na kufyatuka. Mwaka 2015 kampuni, bila kukubali kosa, ilifikia mapatano yaliyogusa aina 9 za bastola, karibu milioni 1 kwa jumla. Aliyerudisha yake alipewa dola zisizozidi 200. Bastola karibu milioni 1! Zilikuwa zimekwisha kuuzwa, zimelala chini ya mito na ndani ya magari, na aliyegundua ni mtu aliyekuwa anakimbia barabarani.

Utetezi wa pili una uzito zaidi, na usidharauliwe. Wamarekani wengi wanaogopa kwamba serikali ikipewa uwezo wa kukagua bastola kwa ajili ya usalama, kesho itaweka vipimo visivyowezekana na bastola zote zitatoweka madukani. Hofu hiyo ndiyo iliyoandika sheria za 1972 na 1976. Mtu wa Fizi anaelewa hofu ya serikali inayoingia kwa mlango mdogo. Ameiona ikiingia kwa mlango wa kodi, wa kitambulisho, wa barrière. Lakini serikali hiyohiyo ya Marekani imelazimisha magari kwa mamilioni yarudi kiwandani tangu miaka ya 1960, na bado barabara zao zimejaa magari. Jimbo la California, tangu 2001, halikubali aina mpya ya bastola iuzwe dukani mpaka bastola 3 za aina hiyo zipigishwe risasi 600 kila moja na ziangushwe kwenye zege. Ni kweli kwamba masharti yaliyoongezwa baadaye kule yamepunguza aina zinazouzwa, na wapinzani wana haki ya kuyataja. Wapinge masharti hayo. Kuangusha bastola kwenye zege ili kuona kama itaua mtu, hilo wanalipinga kwa sababu gani?

Ubelgiji, ambayo Wakongomani wanaijua vizuri kupita walivyotaka, ina nyumba ya majaribio ya silaha mjini Liège tangu 1672. Kila bastola, moja moja, inapigishwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, kwa silaha za mkononi asilimia 30 juu ya kiwango cha mwisho, kisha inagongwa alama. Isiyo na alama haiuzwi. Zile bunduki za FN zilizobebwa na wanajeshi wa enzi ya Zaire zilitoka katika nchi yenye desturi hiyo. Jaribio la Liège linapima kama chuma kitapasuka, halipimi kuanguka, kwa hiyo peke yake lisingeigundua kasoro ya P320. Lakini miaka zaidi ya 350 ya mkaguzi asiyekuwa muuzaji haikuua biashara ya silaha ya Liège. Iliipa jina.

Haya yanawahusu nini watu wa Baraka, ambako raia hawezi kununua bastola dukani? Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka ruhusa ya serikali, na silaha zinazowatesa wakaaji hazikupita kwa sheria hiyo wala nyingine yoyote. Yanawahusu kwa sababu watoto wao wako kule. Katika mwaka wa bajeti 2016 pekee Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, kundi kubwa kuliko yote mwaka huo, na wengi walipitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Wako Louisville, wako Dayton, wako Des Moines, wako Abilene. Wengi wanaishi katika nyumba za kupanga, familia moja juu ya nyingine, ambamo ukuta wa chumba ni ubao na karatasi ngumu ya jasi. Risasi iliyofyatuka chumbani inapita kwa jirani. Walikimbia bunduki wakavuka ziwa usiku. Isiwe watoto wao wanajeruhiwa na kabati la nguo.

Na hawana mikono mitupu. Waliofika 2016 na kabla yake, wengi wamekwisha kuapa uraia na wanapiga kura. Wana makanisa, wana mitwalite, wana viongozi wanaoalikwa na wagombea kupiga picha za kampeni. Wagombea hao waulizwe jambo moja, kabla ya picha: kwa nini tume inayoweza kuondoa mdoli mbovu dukani isiweze kuondoa bastola mbovu? Si lazima mtu awe adui wa silaha ili aulize hivyo. Mwenye bastola ndiye wa kwanza kuhitaji jibu, maana ndiye anayelala nayo.

Wanaoonyesha bastola kwenye video kama mtu anayeonyesha viatu vipya, hao nao wana sehemu yao. Video moja tu kati ya hizo ingeonyesha namba inavyokaguliwa na kufuli ya waya inavyofungwa, ingesaidia kuliko kumi za kuchekacheka.

Kijana wa Kentucky alimsikiliza baba yake. Aliingia kwenye ukurasa wa kiwanda, akaandika namba, akapiga picha ya jibu na kuituma Baraka: namba hiyo haimo katika orodha ya zinazoitwa kurudi. Mzee aliitazama picha, akaomba atafsiriwe, kisha akauliza orodha hiyo imetungwa na nani.

Imetungwa na kiwanda.